Nyumba ya Makimbilio: Habari za Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi

Juma hili twapenda kuzungumza nanyi habari za nyumba moja ya mawe.

Mtu akitoka katikati ya mji wa Nairobi kwa kufuata Barabara ya Kenyatta, akavuka barabara kuu na kuipita Bustani ya Uhuru, kabla hajaanza kupanda mlima wa Valley Road ataliona Kanisa Kuu la Watakatifu Wote likisimama kati ya miti. Maelfu ya watu hupita hapo kila asubuhi na kila jioni, ndani ya matatu za Kawangware na za Ngong, bila kugeuza shingo. Hata sisi tulio washirika tumelizoea kama mtu anavyozoea nguzo ya simu iliyo mbele ya mlango wake. Na wako ndugu wengine ambao hulitazama na kununa. Husema kwamba hilo ni kanisa la Wazungu, lilichorwa na Mwingereza, likajengwa kwa ajili ya walowezi, basi lina nini nasi? Neno lao halifai kupuuzwa, maana sehemu kubwa yake ni kweli. Kwa sababu hiyo twataka kuzisimulia habari za jengo hili tangu asili, pamoja na zile zinazotia uchungu, kila mmoja apate kupima mwenyewe.

Mchoraji wake alikuwa Temple Moore wa London, aliyezaliwa mwaka wa 1856 na kufariki mwaka wa 1920. Alijifunza kazi yake kwa George Gilbert Scott mdogo, na maisha yake yote alishughulika na makanisa. Mengine aliyajenga mapya, hasa katika jimbo la Yorkshire. Mengine yalikuwa makanisa ya kale ya vijijini ambayo aliitwa kuyatengeneza yasije yakaanguka. Basi mtu wa namna hiyo, ambaye mikono yake imezigusa kuta za miaka mia sita na mia saba, akiagizwa achore kanisa la Nairobi, atachora nini? Alichora kile alichokijua na kukipenda. Kwa hiyo hatuwezi kulielewa kanisa hili kabla ya kwenda kwanza vijijini Uingereza, katika zile karne zilizotangulia Matengenezo ya Kanisa.

Huko nako watu hawakuanza na mawe mazuri. Makanisa mengi ya kwanza yalikuwa ya miti. Mahali paitwapo Greensted, katika jimbo la Essex, liko kanisa dogo ambalo magogo yake ya mwaloni yamesimama wima ukutani tangu karne ya 11, na ibada hufanyika humo hata leo. Twalitaja hilo kwa ajili ya ndugu zetu wanaoona haya kwa kuwa kanisa lao bado ni la mbao na mabati. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka wa 1066, ujenzi wa mawe uliongezeka sana. Walijenga kuta nene mno, na madirisha madogo, na matao ya mviringo. Fundi wa siku zile aliogopa, na haki yake kuogopa, kwa maana tao la mviringo huusukuma uzito wa paa kwenda pembeni, na ukuta ukiwa mwembamba hupasuka. Ilipofika mwisho wa karne ya 12 mafundi walikuwa wamejifunza kutumia tao lililochongoka juu, mfano wa viganja viwili vya mtu anayeomba. Tao hilo huupeleka uzito chini zaidi. Na pale ambapo uzito ulibakia kusukuma pembeni, waliujengea nguzo za mawe upande wa nje, ukuta ukaegemea hapo kama mzee anavyoegemea fimbo yake. Ndipo kuta zikaweza kupunguzwa, madirisha yakakua, na nuru ikaingia mpaka pembeni. Ujenzi huo ndio uitwao wa Kigothi, na ndio uliofufuliwa tena katika karne ya 19 na watu kama hao akina Scott na Moore.

Sasa na tuingie ndani. Karibu na mlango upande wa magharibi hukuta birika la ubatizo, kwa kuwa ubatizo ndio mlango wa kuingilia katika jamaa ya Mungu. Kutoka hapo huanza ukumbi mrefu wa watu wote. Waingereza huuita ukumbi huo kwa jina litokalo katika neno la Kilatini lenye maana ya merikebu. Inua macho uyatazame maboriti ya paa, utafahamu mara moja. Ni kama jahazi lililopinduliwa, tumbo juu. Ndugu zetu wa Pwani, ambao wameona majahazi yakijengwa ufuoni, watalifahamu jambo hili upesi kuliko sisi watu wa bara. Wale wa kale walikumbuka safina ya Nuhu, na wanafunzi katika mashua siku ya tufani. Mbele, upande wa mashariki, ndipo mahali pa kwaya na meza ya Bwana, na juu yake dirisha kubwa ambalo jua la asubuhi hulipiga. Kwa muda mrefu hapakuwa na viti vya kutosha. Watu walisimama au kupiga magoti sakafuni, na wazee na wagonjwa walikalia vibao vya mawe vilivyojengwa kando ya ukuta. Tunapenda sana habari ya vibao hivyo. Fundi alipokuwa akijenga ukuta wa kumtukuza Mungu, alikumbuka magoti ya bibi kizee.

Jambo jingine lililo muhimu ni hili: nyumba hiyo ilikuwa ya nani? Desturi ya Uingereza iligawa mzigo huo mara mbili. Sehemu ya mashariki, yenye meza ya Bwana, ilikuwa juu ya mwenye parishi, ambaye alipokea zaka. Lakini ile merikebu, ukumbi wa watu, ilikuwa juu ya watu wenyewe. Paa la ukumbi likivuja, wanaparishi ndio waliochanga. Waliwachagua walinzi wa kanisa, wakawapa sanduku la fedha na kitabu cha hesabu, na vitabu vingine vya namna hiyo vingali vinasomeka: fedha ya mshumaa, fedha ya kamba ya kengele, fedha ya fundi wa paa. Walinzi wa kanisa tulio nao leo katika parishi zetu za Kianglikana, wale wanaosimama na fimbo zao siku ya Askofu, asili yao ni hapo. Mkulima maskini asiye na shamba lake mwenyewe alikuwa na sehemu katika nyumba iliyo kubwa kuliko zote kijijini.

Mwaka wa 1538 serikali ya Mfalme Henry wa Nane iliamuru kila kanisa la parishi liwekewe Biblia kubwa kwa Kiingereza, mahali ambapo watu wangeweza kuifikia na kuisoma. Baadaye picha nyingi zilizochorwa ukutani zilifunikwa kwa chokaa. Sisi Waprotestanti twaishukuru ile Biblia. Kuhusu chokaa, wengine wetu twasikitika kidogo, ingawa tunafahamu sababu yake.

Lakini liko jambo moja katika makanisa hayo ambalo twataka mlishike, kwa kuwa tutalirudia tukifika Nairobi. Mnakumbuka ya kuwa katika Agano la Kale Mungu aliwaagiza Waisraeli watenge miji sita ya makimbilio, mtu aliyeua bila kukusudia apate kukimbilia humo asiuawe na mlipiza kisasi kabla hajahukumiwa. Waingereza wa kale walilichukua wazo hilo wakalitia katika makanisa yao. Mtu aliyefukuzwa, hata akiwa na hatia, alipoingia kanisani hakuruhusiwa kukamatwa humo. Alikuwa na siku 40. Katika muda huo aliweza kujitoa ili ahukumiwe, au kuungama kosa lake mbele ya ofisa wa mfalme na kuapa kwamba ataihama nchi. Akiapa hivyo alitembea kwa miguu mpaka bandarini, akiwa na msalaba wa mti mkononi. Katika kanisa kuu la Durham iko pete kubwa ya shaba mlangoni, yenye uso wa mnyama. Mkimbizi aliigonga usiku au mchana, akafunguliwa. Hiyo iliyoko mlangoni leo ni mfano wake, na yenyewe ya asili imehifadhiwa ndani.

Wako waliotumia vibaya haki hiyo, wezi na wauaji wenye akili, na mwaka wa 1624 Bunge la Uingereza liliifuta. Tangu hapo sheria haikujua tena makimbilio ya kanisani. Hata hivyo kuta zilizojengwa zamani za sheria hiyo zilibaki, na wachoraji kama Temple Moore walipozinakili hawakunakili matao peke yake.

Basi na turudi kwetu. Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kambi ya reli. Mwaka huo huo William George Peel alifanywa kuwa Askofu wa Mombasa, na dayosisi yake ilienea mpaka huku bara. Ndiye aliyeazimia kwamba mji huu mpya uwe na kanisa kubwa. Huyu Askofu Peel ana habari nyingine inayowahusu Waprotestanti wote wanaotusikiliza. Mwezi wa Juni, mwaka wa 1913, wamisionari wa makanisa mbalimbali walikutana Thogoto, huko Kikuyu, magharibi ya Nairobi, katika misioni ya Waskoti. Walizungumza habari za kushirikiana, na mwisho wa mkutano Askofu Peel aliwapa Ushirika Mtakatifu wote pamoja ndani ya kanisa la Wapresbiteri. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliposikia alikasirika sana, akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akitaka Peel na mwenzake Willis wa Uganda washitakiwe kwa uzushi. Ugomvi huo ulisikika mpaka London. Peel hakupatikana na hatia ya uzushi. Alifariki mwaka wa 1916, asiione siku ya jiwe la msingi.

Jiwe hilo liliwekwa tarehe 3 Februari, 1917, na Gavana, Sir Henry Conway Belfield. Na tusimame kidogo katika mwaka huo. Vita Kuu ya kwanza ilikuwa ikiendelea, na jeshi la Waingereza lilikuwa likipigana na Wajerumani katika nchi iliyo sasa Tanzania bara. Mwaka ule vijana wetu walikusanywa kwa nguvu wilaya hata wilaya wakabebe mizigo ya jeshi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Jina la Kariokor hapa Nairobi, kama lile la Kariakoo huko Dar es Salaam, latokana na kikosi hicho cha wachukuzi. Katika mwaka wa namna hiyo Gavana aliweka jiwe kwa ajili ya kanisa ambalo wachukuzi hao hawakutazamiwa kuketi ndani yake. Wakristo Waafrika walikuwa na mahali pao pa kuabudia, kwa lugha zao. Huko Kabete, Kasisi Harry Leakey, ambaye Wakikuyu walimwita Giteru kwa ajili ya ndevu zake, alikuwa akifundisha na kuitafsiri Biblia kwa Kikikuyu. Injili ilikuwa ikikua vizuri pembeni ya mji, katika nyumba zilizo duni sana kuliko ile iliyochorwa London.

Kuhusu uzuri wake, tutasema wazi. Tukiulizwa kanisa lipi katika Afrika Mashariki limeivaa vyema nguo ya nchi yake, tutalitaja lile la Zanzibar ambalo Askofu Edward Steere alianza kulijenga mwaka wa 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, kwa mawe ya matumbawe na chokaa ya Pwani. Tao lililochongoka la Kigothi limo, lakini lina udugu na milango ya Kiarabu iliyo jirani. Hata lile la Mombasa, lililowekwa wakfu mwaka wa 1905, lina kuba linalokumbusha majumba ya Pwani. La Nairobi halikufanya hivyo. Liko umbali wa digrii moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, ambapo jua la Juni hulipiga ubavu mmoja na la Desemba ubavu wa pili, lakini limesimama kama liko Yorkshire. Ni zuri hata hivyo. Ukiingia kutoka kwenye kelele za Valley Road, baridi ya mawe hukupokea, na nuru ya vioo vya rangi hulala sakafuni, na sauti ya mtu mmoja aimbaye hujaa nyumba nzima. Mchoro ulikuwa wa Kiingereza, mawe ni ya nchi hii, na mikono iliyoyachonga na kuyapandisha ilikuwa ya watu waliolipwa kidogo.

Kazi ilikwenda polepole sana. Mwezi wa Machi, mwaka wa 1922, umati ulikusanyika mjini karibu na kituo cha polisi kudai Harry Thuku aachiliwe. Wanaume walipoanza kurudi nyumbani, mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, aliinua nguo yake mbele yao. Kwa desturi ya Wakikuyu hiyo ni aibu na laana kubwa kwa wanaume wanaowaona. Umati ukasonga mbele, polisi wakapiga risasi, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Likumbukeni jina la mwanamke huyo.

Kanisa likakamilika mwaka wa 1952, miaka 35 baada ya jiwe la msingi. Ni mwaka ule ule ambao Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, tarehe 20 Oktoba. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1955, Festo Olang' na Obadiah Kariuki waliwekwa wakfu kuwa maaskofu, Waafrika wa kwanza katika Kenya kupata daraja hiyo. Mwaka wa 1970 Kenya ikawa jimbo lenyewe, na Olang' akawa Askofu Mkuu. Henry Okullu alikuwa Provosti Mwafrika wa kwanza katika kanisa kuu hili, kabla hajawa Askofu wa Maseno Kusini mwaka wa 1974, na mimbari iliyozoea sauti za upole ikasikia maneno makali juu ya wakubwa wa nchi. Wenye kuketi katika viti walikuwa wamebadilika. Lakini bado mtu aliweza kusema kwamba tumerithi tu nyumba ya mwingine, tukabadilisha mapazia.

Sasa twafika mwaka wa 1992. Mwishoni mwa Februari akina mama wazee kutoka vijijini walikuja Nairobi. Wana wao walikuwa gerezani kwa sababu za siasa. Mmoja wao alikuwa Monica Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere. Profesa Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Waliketi katika pembe ya Bustani ya Uhuru, wakafunga chakula, wakasema hawataondoka mpaka wana wao wafunguliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na mabomu ya machozi. Wangari Maathai alipigwa mpaka akazimia, akapelekwa hospitali. Na baadhi ya akina mama hao, walipoona vijana walio rika la wana wao wakiwapiga, walifanya kama Nyanjiru. Walivua nguo zao.

Mahali walipopigwa na mlango wa Kanisa Kuu ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Walikwenda huko. Peter Njenga, aliyekuwa Provosti, aliwapokea, nao wakawekwa katika chumba kilicho chini ya kanisa.

Fikirini, wapenzi wasikilizaji. Mchoraji alikuwa amekufa miaka 72 iliyopita. Gavana aliyeliweka jiwe alikuwa amesahaulika. Sheria ya makimbilio ilikuwa imefutwa huko kwao tangu 1624, na hapa kwetu haikuwako kamwe. Ofisa yeyote wa polisi angeweza kusema kwamba kanisa ni jengo kama majengo mengine, na kwa sheria asingekosea. Lakini akina mama wale hawakwenda kumwuliza wakili. Walijua kwa kuona tu nyumba hiyo ni ya namna gani. Walikaa humo karibu mwaka mzima. Walilala sakafuni. Walipika, waliimba, walifua, waliomba. Juu yao, kila Jumapili, ibada iliendelea kama kawaida, na waumini wenye tai na kofia nzuri waliingia wakijua ya kuwa chini ya viti vyao wako bibi vizee wenye blanketi. Wengine waliwaletea chakula na nguo. Hatutasema kwamba kila mtu alifurahi. Kanisa lenye wageni kwa mwaka mzima huwa na harufu ya jikoni wakati wa Zaburi, na kamati huwa na mengi ya kusema. Ilipofika mwanzo wa mwaka wa 1993 wengi wa wana wale walikuwa wamefunguliwa, na akina mama wakarudi makwao.

Tangu hapo yule ndugu anayesema hilo ni kanisa la Wazungu tunamjibu kwa habari hiyo moja. Wanaparishi wa kale wa Uingereza waliimiliki merikebu yao kwa kulipia paa. Akina mama hawa walilipa kwa njia nyingine.

Lakini kimbilio haliwi kimbilio kwa kuwa halijavunjwa kamwe. Maandiko yanatuambia jinsi Yoabu alivyokimbilia hema ya Bwana na kuzishika pembe za madhabahu, na Sulemani akaagiza auawe pale pale. Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa lake la Canterbury tarehe 29 Desemba, 1170, na mashujaa wa mfalme waliokuja na panga. Na tarehe 7 Julai, 1997, siku ya Saba Saba, watu waliokuwa wakidai katiba ibadilishwe kabla ya uchaguzi walikimbilia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, na polisi wakaingia nyuma yao. Gesi ya machozi ililipuka ndani ya nyumba ya ibada. Watu walipigwa kati ya viti. Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri aliumizwa vibaya, na picha yake ilionekana katika nchi nyingi. Jambo moja twalikumbuka: aliyepigwa mle ndani ya kanisa la Kianglikana alikuwa Mpresbiteri. Wazee wa Thogoto wa mwaka wa 1913, kama wangeliona, wangelifahamu kwamba ushirika wao haukuwa wa meza peke yake. Baadaye Askofu Mkuu David Gitari aliongoza ibada ya kuitakasa nyumba hiyo.

Miezi michache baadaye Bunge lilikubali mabadiliko kadha ya sheria, na hayo ni habari ya siku nyingine.

Hivi leo upande wa magharibi wa mji umejaa makanisa. Kuanzia Kilimani na Lavington mpaka Kangemi, Kawangware na Dagoretti, kila parishi ina kamati ya ujenzi, na kila kamati ina harambee. Makanisa mengine ni mazuri, yenye vioo virefu na vipaza sauti vya bei kubwa. Na karibu yote yana ukuta, lango la chuma, na askari mwenye kifaa cha kupekua mikoba. Hatuwalaumu. Tarehe 30 Septemba, 2012, guruneti lilirushwa katika kanisa letu la Mtakatifu Polikapo kwenye Juja Road wakati wa shule ya Jumapili, na mtoto akafa. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Septemba, ilikuwa zamu ya Westgate, hapo Westlands. Mzee wa kanisa anayewaza juu ya watoto wa Jumapili atafunga lango, na ni wajibu wake.

Lakini usiku je? Mlinzi wa usiku huajiriwa alinde viti, kinanda na vile vipaza sauti. Mtu akigonga lango saa nane za usiku, mama aliyefukuzwa na mumewe pamoja na watoto, au kijana anayekimbia, mlinzi huyo amepewa maagizo gani? Tuliwauliza walinzi wa kanisa wa parishi tatu za upande huo wa mji. Wawili walisema jambo hilo halijapata kuzungumzwa katika kamati. Wa tatu alisema askari wao ana nambari ya simu ya kasisi katika karatasi iliyobandikwa ukutani, na kwamba amepata kuipiga mara moja, usiku wa mvua, na kasisi akatoka na ufunguo.